Dawa Ilipigwa Juu, Wadudu Walikuwa Chini: Kisa cha Maua ya Baraza Moja Tabora

Mwenye maua haya ni mwalimu mstaafu wa Kiloleni, hapa Tabora mjini. Barazani kwake kuna benchi la mbao la ngazi tatu lililojaa mimea ya majani manene, ile ambayo wauza maua huiita sakulenti: echeveria za rangi mbalimbali, haworthia, mti wa jade, alovera, sansevieria, na adeniamu mbili kwenye ndoo kubwa. Mingine iko kwenye vyungu vya udongo, mingine kwenye makopo ya rangi na ya maziwa yaliyotobolewa chini kwa msumari. Kwa mji ambao mvua hukata kati ya Aprili na Mei na kurudi Novemba, ni uchaguzi wa busara. Mimea hii huweka akiba ya maji majanini. Mwenyewe anaweza kwenda Mwanza kumwona mwanawe, akakaa wiki mbili, akarudi akaikuta salama.

Aliponiita ilikuwa Septemba, jua limeshachachamaa, na karibu nusu ya maua yalikuwa yamesinyaa. "Mwanangu, wadudu hawa wameshazoea dawa," aliniambia, hata marahaba hajaimaliza.

Kauli hiyo naisikia sana, kwa wenye maua na kwa wenye bustani za nyanya. Wadudu kuzoea dawa ni jambo la kweli, linatokea mashambani. Lakini kwenye maua ya nyumbani, mara nyingi kilichotokea ni kwamba dawa haikumfikia mdudu. Na mtu akishaamini kwamba mdudu amezoea, anatafuta dawa kali zaidi, na hapo ndipo maua huungua na watu wakapata madhara. Swali la kwanza si "nipige dawa gani?" Ni "mdudu huyu ni nani, na anaishi wapi?" Kisa cha Mwalimu kinaonyesha vizuri gharama ya kuliruka swali hilo.

Mambo yalianza Juni, binti yake alipomtumia echeveria kutoka Arusha kwa basi, zimefungwa kwenye boksi. Zilifika zikiwa nzuri, na siku hiyohiyo zikapangwa ngazi ya kati, katikati ya maua ya zamani, majani yakigusana. Julai akaanza kuona vipamba vyeupe pale jani linapoungana na shina. Akavifuta kwa kitambaa kibichi. Vikarudi. Majani ya chini yakawa yananata, na sisimizi wakaanza kupanda benchi kwa msururu.

Agosti jirani mwenye shamba la tumbaku upande wa Sikonge akamletea dawa iliyobaki shambani, imetiwa kwenye chupa ya soda, haina lebo. Kipimo alichoelekezwa kilikuwa kifuniko kimoja kwa lita ya maji. Akapiga saa saba mchana. Vipamba vya juu vilipungua kweli, ila mti wa jade ukatoka madoa ya kahawia na kupukutisha majani, na echeveria zikapoteza ile nta ya kijivu inayozifunika. Wiki mbili tatu baadaye vipamba vikarudi. Akapiga tena, safari hii vifuniko viwili. Kati ya hapo aliona majani yanasinyaa akadhani ni kiu, akaongeza maji. Yakazidi kusinyaa, akadhani ni njaa, akatia punje za mbolea ya CAN zilizobaki kwenye tumbaku ya jirani huyohuyo.

Kila hatua ilikuwa na mantiki yake kwa mtu anayeangalia majani peke yake.

Mimi nilianza na sisimizi. Msururu wao ulitoka kwenye ufa wa sakafu, ukapanda mguu wa nyuma wa benchi, na kule juu ukagawanyika. Baadhi walikwenda kwenye vipamba, na hilo nililitegemea. Wengine waliingia kwenye tundu la chini la kopo la haworthia ambayo juu ilikuwa safi kabisa. Sisimizi hawaendi mahali bure. Wale wadudu wa pamba, ambao wakulima wa muhogo wanawajua kwa jina la vidung'ata, hunyonya utomvu wa mmea. Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo hulazimika kunyonya mwingi na kuitoa sukari inayozidi. Maji hayo matamu ndiyo yanayonata majanini, ndiyo yanayoota ukungu mweusi baadaye, na ndiyo chakula cha sisimizi. Nao sisimizi huwalinda vidung'ata: huwafukuza wadudu wanaowala, na huwabeba watoto wao kuwapeleka mmea mwingine. Sasa kama juu ya haworthia hapakuwa na kitu, chini ya kopo walikuwa wanafuata nini?

Nikamwomba Mwalimu ruhusa, nikapindua kopo. Ua likatoka na udongo wake wote kwa mara moja, bila kung'ang'ania, na hiyo peke yake ni dalili, maana haworthia yenye mizizi mizima hushikilia kopo hasa. Ukuta wa ndani wa kopo ulikuwa na utando mweupe unaoelekea bluu, kama unga wa muhogo uliopakwa kwa kidole. Kwenye mizizi michache iliyobaki kulikuwa na punje nyeupe, ndefu kidogo, hazifiki milimita tatu, zimejibana kwenye mikunjo. Mwalimu akasema hiyo ni mbolea yake. Ilikuwa hoja ya haki, kwa sababu CAN nayo ni punje za rangi ya kufifia.

Tukazijaribu hapohapo. Nilidondosha maji juu ya mzizi: CAN ingeanza kulainika na kuyeyuka, lakini tone lile lilibaki duara, likateleza likaanguka, kwa sababu nta haishiki maji. Kisha nikagusa punje moja kwa ncha ya pini. Ikasogea. Nilipoibonyeza ikapasuka na kuacha majimaji kwenye ukucha. Mwalimu alinyamaza, akamtuma mjukuu miwani, akaangalia mwenyewe kopo la kwanza, halafu la pili, halafu akataka tupindue yote.

Hao walikuwa vidung'ata wa mizizi. Ni ndugu wa wale wa juu, lakini maisha yao huyamalizia udongoni, na mtu anaweza kukaa nao mwaka mzima bila kuwaona. Makopo yaliyoathirika zaidi yalikuwa ya ngazi ya kati, jirani na echeveria za Arusha. Benchi lilikuwa na makundi mawili ya wadudu kwa wakati mmoja, na dawa yote ilikuwa imepigwa kwa kundi moja.

Tukishajua hivyo, mengine yote yanaeleweka. Jike la kidung'ata wa majanini hutaga mayai mamia kadhaa ndani ya kifuko cha nyuzi za nta. Maji ya dawa hayapenyi vizuri humo. Watu wazima hufa, mayai yanabaki, na kwa joto letu huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Kile Mwalimu alichokiona baada ya wiki mbili tatu kilikuwa kizazi kipya, ambacho dawa ilikuwa haijakigusa. Wale wa mizizini ndiyo kabisa, hawakupata hata tone.

Kusinyaa nako hakukuwa kiu. Jani nene hulegea na kukunjamana likikosa maji, na hulegea na kukunjamana vilevile likikosa mizizi ya kuyavuta. Utazitofautisha ukimwagilia: mmea wenye kiu hujaa tena ndani ya siku chache, usio na mizizi haubadiliki. Maji ya ziada yaliyomwagwa kwenye mizizi iliyojeruhiwa yakaleta uozo. Na CAN, ambayo zaidi ya robo yake ni naitrojeni, ilihimiza machipukizi laini yenye utomvu mtamu kwa wadudu. Kidung'ata aliyeshiba naitrojeni hutaga mayai mengi zaidi. Mbolea ya chumvichumvi kwa ua linaloumwa ni kuwapikia wadudu.

Kuhusu kuungua: mimea hii inajikinga na jua kwa nta, na dawa nyingi za shambani huchanganywa na viyeyushi vinavyoiondoa nta hiyo. Mti wa jade ni wa jenasi Crassula, na lebo za dawa ya wadudu iitwayo malathioni huonya wazi kwamba inaweza kuwaunguza baadhi ya jamaa wa jenasi hiyo. Ongeza jua la saa saba mchana. Lakini chupa ya soda haina lebo, haimwonyi mtu kitu. Viuatilifu nchini vinasimamiwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kilichosajiliwa huuzwa na maelezo ya zao, kipimo na tahadhari. Ukikihamishia kwenye chupa ya soda umeyatupa yote hayo, na umeweka sumu kwenye chombo ambacho mtoto anakijua kwa utamu. Nyumba ile ina wajukuu wadogo. Hilo liliniuma kuliko maua, na nilimwambia Mwalimu hivyo kwa adabu lakini bila kuzunguka. Chupa ilirudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo, mkononi, si kwa kumtuma mtoto.

Hapa Tabora hutakosa wa kukushauri uloweke tumbaku upige maji yake. Ni kweli nikotini inaua wadudu. Imetumika tangu zamani. Lakini hupenya ngozi ya mtu, na waliowahi kuvuna tumbaku ikiwa na umande wanajua kizunguzungu na kutapika kunavyokuja. Maji ya kulowekwa hayana kipimo: majani ya leo si makali sawa na ya jana. Kuna na jambo ambalo wengi hawalifikirii, kwamba virusi vya batobato ya tumbaku huishi muda mrefu kwenye majani makavu na huhama kwa mikono hadi kwenye nyanya na pilipili. Mwalimu ana matuta ya nyanya nyuma ya nyumba. Nilimkataza.

Duka la pembejeo lingeweza kumuuzia imidaklopridi, ambayo humwagwa udongoni na mmea ukainyonya hadi majanini. Inafanya kazi, hata kwa wa mizizini. Ila mmea ukichanua, dawa hiyo hufika kwenye chavua na nekta, na kwa sababu ya nyuki Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuzuia matumizi yake nje ya mabanda ya mimea. Adeniamu na alovera za Mwalimu huchanua barazani kweupe, na mkoa huu watu wanaishi kwa asali. Kwa maua ya mapambo sioni sababu ya kufika huko.

Nilimsimulia pia habari ya muhogo, kwa sababu alifundisha sayansi na nilijua ataipenda. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini, akaonekana upande wa Kongo mwaka 1973, kisha akasambaa nchi baada ya nchi akimaliza mashamba. Watafiti wakaenda kwao kutafuta maadui wake. Kaskazini mwa Amerika Kusini wakakuta kidung'ata kwenye muhogo, wakachukua nyigu wadogo wanaomshambulia, wakawaleta, na nyigu hao hawakumfaa kidung'ata wa Afrika. Kumbe yule wa kule alikuwa aina nyingine inayofanana naye. Mhusika hasa alipatikana Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye nyigu Anagyrus lopezi, ambaye aliachiwa Nigeria mwaka huohuo na baadaye akasambazwa nchi nyingi za Afrika. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo akiwa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu huyo hana msaada kwa echeveria, maana anachagua. Lakini kama watu wenye maabara walichelewa kwa kumfananisha mdudu, sisi wenye pini na miwani hatuna haki ya kubahatisha.

Kazi ilianza kwa kuwakata sisimizi njia. Benchi likasogezwa mbali na ukuta, kila mguu ukasimamishwa kwenye kopo la maji yenye matone ya sabuni, vilevile mama zetu walivyolinda makabati ya chakula. Maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu ili mbu wasipate pa kuzalia. Ufa wa sakafuni ukazibwa kwa saruji. Bila hatua hii unafuta leo, wao wanapanda kesho.

Kisha maua yote yakatolewa kwenye makopo, hata yaliyoonekana mazima. Udongo ulitikiswa wote kwenye karai, mizizi ikaoshwa kwa maji hadi ikaonekana rangi yake, iliyooza ikakatwa, iliyobaki ikachovywa kwenye maji ya sabuni kidogo na kusuuzwa. Halafu yakalazwa kivulini juu ya gunia siku nne tano, bila udongo na bila maji. Mwalimu hakulala vizuri siku hizo, alidhani tunayaua. Mmea wa namna hii hukaa nje ya udongo muda huo bila taabu, na kidonda kikikauka hakiozi.

Echeveria zilizooza chini tulizikata vichwa. Kisu kinafutwa kwa spiriti, unakata shina, unaangalia katikati: ukiona duara la kahawia, unapanda nalo, unakata tena juu zaidi, hadi uone rangi moja safi. Kichwa kinakaushwa, kisha kinaketishwa juu ya mchanga mkavu hadi kitoe mizizi. Haworthia mbili zilikuwa zimeoza hadi moyoni. Moja yao Mwalimu alipewa na walimu wenzake siku anastaafu, na alikataa isiguswe moto. Tukaikagua jani kwa jani, tukapata watoto wawili pembeni ambao hawajaoza. Tuliwabandua bila mizizi, tukawasafisha, mama yao akachomwa pamoja na takataka nyingine.

Makopo yalisuguliwa kwa brashi na sabuni na kumwagiwa maji yanayochemka. Vyungu vya udongo vinahitaji zaidi, kwa sababu mayai hujificha kwenye vitundu vyake. Vikatoswa kwenye sufuria kubwa vikachemka. Udongo wa zamani haukwenda bustanini. Ulitandazwa mbali, ukafunikwa kwa nailoni angavu na kuachwa kwenye jua la Oktoba, ambalo kwa Tabora ni moto wa bure. Udongo mpya ni sehemu mbili za mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, sehemu moja ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na sehemu moja ya udongo wa juu. Huo wa juu tuliupika kwa mvuke nusu saa kwenye debe, maji chini, udongo kwenye gunia juu ya mawe. Wenye vitalu vya tumbaku watalielewa hili haraka, kwao kuchoma majani juu ya kitalu kabla ya kusia si jambo geni.

Kwa wadudu wa majanini tulitumia spiriti ya asilimia 70 na pamba za masikio. Unagusa kipamba chenyewe, hupangusi jani zima. Nta ya echeveria ikifutika kwenye jani haioti tena, unasubiri majani mapya. Jaribu jani moja kwanza, subiri siku mbili. Fanya jioni, kivulini, mbali na jiko la mkaa, maana spiriti inashika moto upesi kuliko watu wanavyodhani. Alovera na sansevieria zilipigwa maji ya mbegu za mwarobaini: gramu 50 za kiini kilichosagwa kwa lita moja ya maji, inalala usiku kucha, inachujwa, inapigwa jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu. Zoezi hili lilirudiwa kila wiki kwa wiki sita. Muda huo haukuchaguliwa kwa bahati. Unafuata mayai, ili kila kinachoanguliwa kikutwe kabla hakijakomaa na kutaga.

Siku moja mjukuu alitaka kumponda mdudu mweupe mwenye manyoya aliyekuwa anakimbia kwenye adeniamu. Nilimzuia. Kidung'ata hatembei kwa kasi namna ile. Baadhi ya mabuu ya wadudu kibibi huvaa nta nyeupe, na kazi yao ni kula vidung'ata. Tulimwacha.

Mvua za Novemba zilipoanza, echeveria zilizokatwa zilikuwa zimeota mizizi na sansevieria zimetoa chipukizi. Watoto wa haworthia wako hai wote wawili. Mti wa jade ulipata vipamba tena mara moja tu, na baada ya kutafuta tulikuta kifuko cha mayai chini ya kisahani chake, kitu pekee ambacho hakikuchemshwa. Sasa Mwalimu anamwagilia udongo ukikauka hadi chini, na CAN imerudi shambani kwenye tumbaku.

Binti yake anataka kumtumia maua mengine. Tumekubaliana yatakaa wiki sita kwenye dirisha la jikoni, peke yake, na yatatolewa kwenye vikopo siku ya kufika ili mizizi ionekane. Tulichobishana ni vipandikizi. Akina mama wa jumuiya yake wanamdai maua tangu mwaka jana, na mimi niliomba asitoe chochote hadi apindue kila kopo mara mbili, miezi miwili mbalimbali, akute mizizi safi. Alikubali kwa yote isipokuwa mti wa jade. Hoja yake ilikuwa kwamba tawi lililokatwa juu, lisilo na mzizi wala udongo, likakaguliwa kwa miwani na kufutwa kwa spiriti, haliwezi kumbeba mdudu wa mizizini. Ni kweli, na matawi yameshakwenda.